Matanga ya Mwalimu Aimé

Bunia, Mudzipela, 12 Novemba 2023

Nadège mwanangu,

Nakusalimu kutoka kwenye nyumba yenye bati jipya upande mmoja na bati la zamani upande wa pili, kwa sababu fundi aliaga kwenda kuzika huko mtaa wa Lumumba na hii ni wiki ya tatu hajarudi. Labda yeye ndiye aliyezikwa. Sisi wazima. Mvua inakuja kila siku saa nane mchana bila kukosa. Mimi bado niko sokoni na maharagwe yangu. Goti la kushoto linalalamika, la kulia linalivumilia. Mdogo wako Donatien sasa anafundisha hesabu, amekuwa na sauti ya kufundisha hata akiomba chumvi. Gracieuse wake anakusalimu sana. Ni binti mzuri, kila Jumapili anakuja kunisaidia kuchambua maharagwe, na siku hizi anakula vizuri.

Najua tunaongea kwa simu. Lakini kwenye simu tunaongea mvua na chakula, kisha mtandao unakatika, na wewe unafurahi kidogo, usikatae. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Barua haikatiki.

Neno lenyewe ni hili. Donatien anataka kuoa, na nyumba ya Gracieuse imekubali. Lakini unaijua desturi yetu: hakuna harusi kwenye nyumba ambayo matanga yake hayajaanuliwa, na matanga ya baba yako yako wazi tangu 2019, alipopotea kwenye vita. Baba Philippe, mkubwa wa ukoo wetu, amesema tuyaanue baada ya Pasaka. Tutasali, tutapika, na mimi nitavua hii nguo nyeusi ambayo kwa kufuliwa imekuwa ya kijivu. Kinachokosekana ni kimoja. Siku hiyo, mtu aliyekuwa na marehemu mwisho anasimama kueleza alivyoondoka, mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu wote, na mwenye kujua zaidi anaongeza. Mtu huyo ni wewe. Kwa kuwa uko mbali, utaandika, na Baba Philippe atasoma.

Miaka yote hii umesema maneno mawili tu: tulipotezana njiani. Hilo ni jibu la kumpa askari wa mpaka, si la kuwapa watu wa matanga. Mimi sina la kusema, nilikuwa hapa Bunia na Donatien. Wewe ndiwe uliyetoka naye Fataki mkikimbia.

Barua hii anaichukua Prudent, yule mfanyabiashara wa Mahagi anayefuata vitenge Kampala. Ataitia posta huko, akikumbuka.

Shangazi yako anayekupenda,
Bibiane


Kendal, Uingereza, 17 Desemba 2023

Shangazi mpenzi,

Barua yako imefika ikinukia vitenge vipya, nikailaza chini ya mto siku mbili kabla ya kuifungua. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mimi pia mzima. Wazee ninaowatunza hapa wazima kwa kadiri ya miaka yao. Yupo bibi mmoja ananiita Susan, na nimechoka kukataa, sasa naitika. Baridi ni ya kweli. Jua linachomoza nikiwa kazini na kuzama nikiwa bado kazini.

Ngoja nikuchekeshe. Mpishi wetu hapa anaitwa Maureen, mama wa miaka sitini na moja, mnene, mkarimu. Yeye na watu wake wana kazi ya kupanda milima. Si kiangazi, Shangazi. Wakati huu wa baridi, kwenye mvua, kwa hiari. Nikamuuliza, huko juu kuna nini? Akasema, kuna mawe. Kuna mashamba? Hakuna. Kuna soko, kuna kanisa, kuna mgonjwa wa kutembelea? Hakuna. Basi mnafuata nini? Akafikiri sana, akasema, "Tunafuata kushuka, tukanywe chai." Amenialika mara mbili, nimekataa mara mbili. Mimi mlima na mvua tulishamalizana.

Mwambie Donatien nimefurahi mno kuhusu harusi. Nimeimba peke yangu chumbani hadi jirani akagonga ukuta. Kuhusu lile neno lako, nitaandika. Kazi zimekuwa nyingi, na Krismasi inakuja.

Mtoto wako,
Nadège


Bunia, 14 Januari 2024

Nadège,

Heri ya mwaka mpya. Fundi amerudi! Hakufa. Anasema matanga yalifuatana matatu, na mimi nimemwambia wenzake huzika na bado hupiga misumari. Bati limekamilika.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mpaka pale pa mpishi, na Donatien amecheka hadi kukohoa. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Watu wenye magari wanapanda mlima kwa miguu kufuata mawe! Hawana ndugu wa kutembelea?

Sasa tuache kucheka. Umeniandikia nusu ya ukurasa kuhusu mawe ya wazungu, na kuhusu baba yako mstari mmoja, na mstari wenyewe una kazi na Krismasi ndani yake. Mimi ni muuza maharagwe, najua mtu anapojaza kopo kwa makapi. Siku imewekwa: Jumamosi tarehe 6 Aprili. Wageni wameanza kuambiwa. Donatien anangoja, na Gracieuse hawezi kungoja sana. Usiniulize kwa nini, mimi sijasema kitu.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Andika.

Shangazi yako


Kendal, 4 Februari 2024

Shangazi,

Nakusalimu. Sitaweza. Nimekaa na karatasi mara nne, na kila mara ninapofika kwenye ile mvua mkono unasimama. Tafadhali Baba Philippe aseme kwamba tulipotezana njiani. Si uongo. Watu wengi walipotezana.

Nisamehe, na barua hii usimwonyeshe Donatien.

Nadège


Bunia, 18 Februari 2024

Mwanangu,

Nakutumia ukurasa huu kwa picha, kwenye simu ya jirani, kwa sababu Prudent hatapita hadi mwezi ujao na mimi siwezi kukaa na maneno haya kifuani muda huo wote.

Barua yako nimeisoma peke yangu jikoni. Kwanza nilikasirika, nikagombana na sufuria. Kisha nikalia. Sikia: hakuna mtu anayekungoja na fimbo. Hata kama ulimwacha. Nimesema hata kama. Kushindwa kusema ni kitu ninachokijua kuliko unavyodhani, lakini leo hatuandiki habari zangu.

Nilikulea tangu mama yako alipofariki, nakumbuka ulivyokuwa. Ukikosa, hukuweza kusema ukiwa umekaa. Nikikukalisha mbele yangu ulikuwa jiwe. Lakini tukienda kuchota maji, njiani, mimi mbele wewe nyuma, kosa lilitoka lenyewe kabla hatujafika kisimani. Basi acha kukaa na karatasi. Nenda na hao watu wako wa mawe. Tembea kwanza, kisha uandike.

Bibiane


Kendal, 3 Machi 2024

Shangazi yangu,

Amani kwako na kwa goti lako. Hapa tumempoteza mzee wa chumba cha tisa, alikuwa na miaka tisini na saba, na waliolia ni mimi na Maureen tu. Mwambie Gracieuse nimemtafutia kitambaa cha harusi, na nimechukua kipana, maana wewe hukusema kitu lakini mimi nimesikia.

Nilikwenda. Jumamosi tarehe 24 Februari, saa mbili asubuhi, mvua ikinyesha nyembamba na baridi. Tulikuwa wanne: Maureen; shemeji yake Geoff, mzee wa miaka sabini na minne ambaye zamani alikuwa akigawa barua za posta kwa baiskeli; Rachidi, kijana wa Kisangani ninayefanya naye kazi; na mimi. Walinikuta nangoja barabarani na begi. Maureen akaliinua, akaguna, akauliza lina nini. Tukalifungua. Pasipoti, diploma na cheti cha ubatizo ndani ya plastiki. Blanketi. Mchele kilo mbili, chumvi, kiberiti, sufuria ndogo na mfuniko wake.

Rachidi alicheka hadi akakaa chini kwenye maji. "Weye dada, siye tuko tunarudia saa kumi! Uko unahama?"

Naapa sikuwa nimefikiri. Mikono ilifunga yenyewe. Mtu akiniambia tunapita mlimani kwenye mvua, mimi najua kufunga begi la namna moja tu. Geoff hakucheka. Alichukua mchele na sufuria akaviweka garini taratibu, na karatasi zangu akaniachia.

Tukapanda. Milima ya hapa haina miti, ni nyasi za rangi ya kondoo aliyelowa, na kondoo wenyewe wamejaa, na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo zinapanda hadi kwenye ukungu. Njia ilikuwa tope na maji. Mimi nilitangulia. Sikukanyaga tope. Nilipita pembeni kwenye nyasi. Baada ya saa moja Maureen akauliza kwa nini ninatembea hivyo, nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nakwepa kuacha nyayo. Huyo ndiye mtoto wenu, Shangazi, miaka mitano baadaye, kwenye nchi ambayo anayemfuata ni kondoo.

Wana sheria zao. Maureen, ambaye ndiye anayejua njia, anatembea wa mwisho. Kwenye kila lango wote wanangoja. Na yule wa mwisho akifika, hawaondoki. Mimi nilikuwa nikimwona Maureen anatokea nainuka, na kila mara alisema, "Kaa. Wewe umeshapumzika, mimi bado." Sikuwahi kufikiria jambo hilo. Huko nyuma, tulipokuwa tukikimbia, aliyechelewa ndiye aliyekosa kupumzika, kila mara, hadi mwisho.

Juu tulifika. Kulikuwa na rundo la mawe na upepo. Hatukuona kitu. Wakapeana mikono kwa furaha, wakala mikate iliyolowa. Mimi pia nilifurahi kidogo, sitakuficha.

Ni kwenye kushuka goti la Geoff lilipokataa. Aliteleza, hakuanguka vibaya, lakini alikaa kwenye jiwe, uso mweupe, akasema, "Ninyi tangulieni. Nitawafikia."

Shangazi, miguu yangu iliondoka. Sikuiambia. Nilishuka kwa kasi, macho mbele, nikihesabu pumzi, na nilikuwa nimefika mbali nilipoona kwamba sisikii hatua nyuma yangu. Nikasimama. Ilinichukua muda kugeuza shingo. Nilipogeuka, niliwaona kwenye mvua wote watatu wamekaa. Maureen upande huu wa Geoff, Rachidi upande ule, wanafungua chupa ya chai. Hakuna aliyetangulia. Walikuwa wamekaa tu.

Nikaketi kwenye nyasi, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Rachidi alishuka kunifuata. Alinipa mkono tukapanda tena, nikanywa chai yangu. Tulimshusha Geoff kwa saa tatu nzima, mkono wake begani kwangu, hatua za kando kando, na njia yote, mbele ya watu ambao hawakuelewa hata nusu, nilisema. Ulisema kweli, ninasema nikitembea. Sasa ninaandika. Baba Philippe asome kuanzia hapa, na Donatien asikie.

Tuliondoka Fataki Jumapili, mwezi wa sita, mwaka 2019. Baba alikuwa amesema tungoje lori la Jumatatu kwa sababu ya goti lake, lile lililoumia kwenye ajali ya pikipiki. Lakini Jumapili, misa haijaisha, milio ya risasi ikaanza, tukatoka na tulichovaa. Baba alikuwa na koti lake la shule, mimi blauzi na ile sketi yangu ya buluu, jupe ya bleu. Tulitembea na watu kama thelathini. Siku ya pili mvua ilianza asubuhi, haikukatika. Kwenye ule mlima wenye mikaratusi iliyokatwa, unaotazama kijito chenye daraja la miti, goti la Baba lilikataa. Watu walisema daraja litabomolewa wakati wowote, hakuna kusimama. Akakaa kwenye kisiki. Akaniambia, "Weye enda. Miye niko nakuja." Nikamwambia sitaki. Akatumia sauti yake ya darasani: "Nadège. Enda."

Nikaenda. Hilo ndilo ninalowaficha watu: hatukupotezana. Nilijua alipo. Na kuna jingine. Nilipokuwa nimefika karibu na kona, niliitwa. Jina langu, mara moja, kwa sauti yake. Nilisikia vizuri. Nikajiambia ni mvua, nikaongeza mwendo. Nikavuka daraja. Sikujua alitaka nini, na miaka mitano ninajibu mwenyewe kila siku: alikuwa amebadili mawazo, aliogopa, alitaka nirudi.

Huo ndio mwisho ninaoujua. Baba alikuwa mzima nilipomwacha, na alikuwa akiniita.

Nadège, binti wa Mwalimu Aimé

Barua hii anaileta mtawa anayesafiri hadi Bunia. Nimemwomba akupe mkononi.


Bunia, Mudzipela, 14 Aprili 2024

Nadège, mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Nakusalimu sana sana. Sisi wazima, na leo nakuandikia nikiwa nimevaa kitenge cha njano. Goti langu limevimba na nitakueleza kwa nini. Hizi habari zingefaa kwa simu, najua, na jana ulipiga mara tatu nami sikupokea. Nilitaka uzipate zote kwa mpango wake.

Tuanze na tarehe 6. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, wengi wa Fataki wanaoishi hapa Mudzipela na Lumumba. Mvua ilingoja tumalize misa, ikashuka, tukabanana wote chini ya turubai. Baba Philippe akavaa miwani, akasoma barua yako. Alisoma hadi pale ulipoitwa, akashindwa. Donatien akainuka, akaichukua mkononi mwake, akamaliza yeye. Kisha Baba Philippe akauliza kama yuko mwenye kuongeza.  Hakuna.

Mimi sikuweza kukaa. Nilisimama nikasema, na sasa nakuambia wewe. Ijumaa ile, siku mbili kabla hamjatoka, baba yako alinipigia. Alitaka mwondoke Jumamosi asubuhi, kwa miguu, polepole, kwa sababu ya goti. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia angoje lori la Jumatatu: "Aimé, ngojea lori ya siku ya kwanza, utatesa mutoto bure." Akanisikiliza, kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa na alinisikiliza maisha yote. Miaka mitano nimevaa nguo nyeusi, watu wakasema Bibiane anampenda kaka yake. Nilimpenda. Lakini pia nilikuwa najificha ndani ya ile nguo. Nilikusukuma useme, na mimi nilikuwa na langu nimelikalia. Nisamehe, Nadège. Nilitaka mtu mwingine abebe mwanzo.

Nilipokaa, mtu mmoja akasimama nyuma kabisa. Anaitwa Jean-Pierre, ni seremala. Hakuja kwa ajili yetu. Alikuja kwa sababu mabenchi tuliyokalia ni yake, tuliyaazima, na alitaka kuyalinda na mvua.  Akasema, "Mama, huyu mutu wa kisiki, mwenye koti ya mwalimu, siye ndio tulimubeba."

Turubai lote likageuka.

Jean-Pierre na ndugu zake walipita pale saa moja baada yako. Daraja lilikuwa limeshavunjwa. Walimkuta baba yako kwenye kisiki, wakamlaza juu ya mlango waliotoka nao kwenye nyumba waliyoikimbia (yule mtu ni seremala, hakukubali kuacha mlango wake), wakamshusha upande mwingine wa mlima hadi kijiji walikozaliwa, penye kapela, kanisa dogo. Hawakujua jina lake, maana siku zile za vita watu walificha majina. Walimwita Mwalimu. Aliishi pale siku tisa. Homa ilimchukua siku ya tisa, wakamzika kando ya kapela. Baadaye na wao walikimbia, simu hakuna, jina hakuna, wangemtafuta nani? Wengine wamerudi huko mwaka jana.

Jumatano tulikwenda. Donatien, Jean-Pierre na mimi. Pikipiki zilitufikisha mbali kidogo kupita Katoto, kisha miguu. Mlima wa tope, na mvua ilitukuta katikati. Donatien alitaka nibaki kwa mama mmoja penye moto. Nikamwambia dada yake amepanda mlima wa wazungu usio na kitu juu, mimi nishindwe na huu wenye kaka yangu? Tulipanda. Nilikuwa wa mwisho, na kila nilipowafikia walitaka kuondoka, nikawaambia, "Mukae. Munye mumepumuzika, miye bado." Walikaa.

Kaburi lipo. Limepaliwa, Nadège. Wamepanda isale, ule mmea wa makaburi, kichwani na miguuni, imeshika vizuri. Msalaba wa mbao una neno moja, MWALIMU. Donatien alichonga jina lote kwa kisu cha Jean-Pierre, mikono ikiteleza kwa mvua, na herufi ya mwisho imepinda. Mama mmoja wa pale aliniambia kwamba katika zile siku tisa aliwafundisha watoto wao kusoma akiwa amelala, wakishika kitabu cha nyimbo juu ya uso wake.

Kuhusu Maureen wako na chai yake: nawashukuru kwa kukaa na yule mzee. Lakini usijilinganishe nao. Wao walikuwa na chai. Ninyi mlikuwa na risasi mgongoni. Baba yako alikutuma, ukatii, na daraja ulilovuka halikungoja hata saa moja.

Harusi ni tarehe 25 Mei. Nguo ya Gracieuse inashonwa kwa kamba za kulegeza pembeni. Baba Philippe amekasirika nusu siku, kisha ameanza kuuliza mtoto ataitwa nani. Kama kazi itakuruhusu kuja, njoo; kama haitakuruhusu, tutakuwekea kiti.

Nimebakiza moja, nililoambiwa na Jean-Pierre tukishuka. Nilimuuliza kama kaka yangu aliwahi kueleza kwa nini alikuita. Akasema ndiyo, kaka yangu mwenyewe alieleza usiku wa kwanza: "Nilimuita nimupe koti, mvua ilikuwa mingi. Hakusikia. Iko muzuri hakusikia, angerudi." Lakini hakula, siku ile wala ya pili. Baba yako alimuuliza kila mtu aliyeingia kijijini kutoka upande wa kijito kama amemwona msichana wa jupe ya bleu. Siku ya tatu akaja mama mmoja aliyekuwa amejificha kando ya kijito, akasema, "Ule wa bleu? Alivuka daraja. Nilimuona na macho yangu, alikuwa anakimbia sana."

Jean-Pierre anasema baba yako alicheka. Akaomba ugali, akala wote, na jioni hiyo ndipo alipoita watoto wa kwanza waje na kitabu.

Shangazi yako,
Bibiane